Kabla Hujafunga Fundo, Lowesha

Mwanangu Kamau,

Tangu nizaliwe umeniita Maitu, yaani mama, kwa kuwa mimi ni binti wa kwanza na nilipewa jina la mama yako, Nyambura, kama desturi yetu inavyotaka. Baba wengine huwaita binti zao hivyo kwa kuwabembeleza wanywe uji, kisha wanasahau. Wewe hujawahi kusahau. Ukitoka kwenye kiwanda cha mkonge unasimama mlangoni na kuuliza, "Maitu ameshakula?" na mama mzazi wangu anakujibu, "Mama yako ameshakula, na amekuachia sufuria uioshe." Basi leo nimeamua kulitumia jina hilo kwa kazi yake. Binti hana ruhusa ya kumwambia baba yake kwamba ni mpumbavu. Mama anayo.

Nakuandikia Kiswahili kwa sababu ndicho ulichojifunza kusoma jeshini. Sababu ya pili ni kwamba kwa Kikuyu nisingefika hata mstari wa pili. Ningeuona uso wako, nami ningeiweka kalamu chini. Unanijua. Mbele ya wageni hata salamu hunitoka kwa shida, na mwalimu wetu amechoka kuniambia nisiongee na meza. Kwenye karatasi lakini sioni haya.

Jioni hii umekwenda kuwaaga majirani. Nakusikia kutoka hapa ukicheka nyumbani kwa kina Njoki, kicheko cha mtu aliyekwisha shinda. Kesho asubuhi lori la kambi ya wavuvi litakuchukua njia panda ya Thika na kukupeleka juu kule mto Chania unakotoka msituni. Sitakuambia uvae sweta. Mama amelisema hilo tangu juzi. Sitakuambia usali, wala ule, wala uandike. Nitakuambia juu ya uzi wa kuvulia samaki, kwa maana ni uzi utakaokufukuzisha kazi.

Tukumbushane ulivyoipata kazi yenyewe, kwa sababu hadithi unayowasimulia majirani si ile niliyoisikia mara ya kwanza. Bwana mwenye kambi alikuja kiwandani kutafuta kamba za mahema. Akauliza, kwa mazungumzo tu, kama kuna mtu anayeelewa mambo ya nyuzi, kwani wageni wake huja kuvua na yeye hana wa kuwatayarishia mishipi. Watu wote wa kiwanda wakatazama chini, kama watu wenye akili. Wewe ukajibu, "Nyuzi zote nazijua, Bwana." Nyuzi zote! Wewe uliyekuwa hujagusa ndoana tangu uzaliwe, katika kabila ambalo wazee wake wakiona samaki wanatema mate na kusema ni nyoka aliyekosa adabu.

Bwana akakuamini, jambo linalonionyesha akili yake ni ya kiasi gani. Akakupa mkebe wenye nyuzi za aina aina ujizoeze, akakuahidi mwezi mmoja wa majaribio. Na leo, badala ya kwenda zako kimya, ukamwendea nyapara na kumwambia mbele ya watu, "Baki na mkonge wako." Naye akakujibu kwa upole kabisa, "Nyumba ni ya mkonge pia, Kamau. Kesho nitahitaji ufunguo."

Kwa hiyo kesho, lori likikuchukua wewe kwenda juu, mkokoteni unatuchukua sisi kwenda Ruiru, kulala jikoni kwa baba mdogo Mwaura. Mwezi ukiisha Bwana akakurudisha, huna kiwanda, huna nyumba, na tutakuwa watu wengi mno jikoni kwa Mwaura. Nani atatolewa shule akachume kahawa kwanza? Wadogo zangu hawafiki matawini. Nimekwisha hesabu, na jibu ni mimi. Sasa unaelewa kwa nini nina hasira na uzi.

Kosa lako ni moja, na umelirudia kila Jumapili kando ya mto. Wewe unasema, "Uzi ni uzi." Umelisema kwa Baba mdogo, umelisema kwa mchungaji, umelisema hata kwa mbuzi aliyekanyaga mshipi wetu. Ni neno la mtu wa mkonge. Umekaa na mkonge miaka mingi, na mkonge una sheria zake: ukiuvuta kwa nguvu zako zote usikatike, ni mzuri, ukiwa mnene, ni mzuri zaidi, ukiwa umelowa, unaanikwa juani. Ni sheria nzuri kwa kufunga gunia. Wewe ulizibeba zote mpaka mtoni.

Tuanze na ile hariri. Katika mkebe mlikuwa na uzi mmoja mnene wa kijani, laini kama mkia wa paka, na wewe ukaupenda kuliko mingine kwa sababu ulikuwa mnene. Tulipotoka mtoni ulikuwa umelowa. Nikakuambia kitabu kinasema uanikwe kivulini. Kitabu changu cha uvuvi, kama unavyojua, hakina jalada wala kurasa za mwanzo; nilikiokoa kwa mwalimu wetu kilipokuwa kinangojea kutumiwa kuwashia moto, na mwandishi wake ni Mwingereza anayejisifu kuliko wewe, jambo ambalo nilidhani haliwezekani. Lakini kuhusu kivuli alisema kweli. Wewe ulifanya nini? Uliupeleka kiwandani ukautandaza kwenye nyaya za kuanikia mkonge, katikati ya jua la hapa Murera, ukarudi nyumbani kula.

Tuliporudi ulikuwa umegeuka ulimbo. Vumbi lote la wilaya lilikuwa limehamia juu yake, na manyoya ya kuku, na nzi mmoja wa kweli aliyekufa akijaribu kuondoka. Ukaushika, vidole vikanasa, ukanitazama.

"Hariri gani hii inayoogopa jua?" ukauliza.

Mama akajibu kutoka jikoni, "Ile wanayovaa wanawake wenye miavuli."

Tukakata kipande kizima tukakitupa. Kilichobaki nimekisugua kwa kitambaa jioni nyingi, wewe ukiwa umelala. Ukitaka kujua kwa nini mikono yangu inanuka mafuta ya kondoo kanisani, ndiyo sababu.

Sasa sikiliza uzi huo ni wa nini, maana wageni wa kambi wataujali kuliko watoto wao. Kule juu kuna samaki wa maji baridi aliyeletwa kutoka Ulaya, wanamwita trauti. Mtu mzima, mwenye shamba, mwenye gari, husimama ndani ya maji hayo na viatu vinavyofika kiunoni, akamtupia samaki huyo inzi wa bandia aliyetengenezwa kwa manyoya ya jogoo. Anashinda kutwa akiyapiga maji viboko. Akimpata samaki anampima, anamsifu, na mara nyingine anamrudisha majini. Usicheke mbele yao. Chekea hemani.

Lakini hata upuuzi una kanuni zake. Inzi huyo hana uzito. Ukimtupa peke yake atakurudia usoni. Kwa hiyo kinachorushwa ni uzi wenyewe. Unene wa hariri hauko pale kwa ajili ya nguvu, Kamau, uko pale kwa ajili ya uzito, ili ubebe kitu kisicho na uzito mpaka ng'ambo ya pili. Asubuhi unaupaka mafuta uelee. Jioni unautoa wote kwenye gurudumu lake la kukunjia, unauning'iniza kivulini mpaka ukauke. Kivulini. Nimeliandika mara ya pili kwa sababu nakujua.

Na kwenye ncha ya uzi huo mnene wanafunga uzi mwembamba usioonekana, kwa sababu trauti ana macho. Hapo ndipo uliponiaibisha zaidi. Ulipoona kile kiuzi, kimekunjwa katikati ya vitambaa vya sufu ndani ya kimkebe chake kidogo, ulisema ni kama kumfunga fahali kwa ushanga wa bibi harusi. Nikakueleza kwamba kinatolewa tumboni mwa kiwavi anayetengeneza hariri. Ukacheka mpaka ukakaa chini. Kisha ukakichukua kikavu vile vile, ukakizungusha mikononi, ukakaza kiuno kama unavyoupima mkonge, ukavuta. Kikakatika kama ubua. Ukachukua cha pili. Kikakatika.

"Takataka!" ukasema. "Bwana ameibiwa dukani."

Ukachukua cha tatu. Nilikuwa nimekwisha kukuambia. Kwa sauti yangu hii isiyosikika, ni kweli, lakini niliposema ulikuwa umenikaribia kuliko unavyokaribia sahani yako. Uzi wa kiwavi ukiwa mkavu hauna thamani hata ya kufungia kitumbua. Ukiloweshwa hulainika, hushika fundo, na hukubali kuvutwa na samaki ambaye wewe mwenyewe ungemwogopa. Asubuhi, wakati mgeni bado anakunywa chai, wewe uwe umekwisha kuviweka vitambaa vya sufu majini na nyuzi ndani yake. Kabla ya kufunga fundo, lowesha. Kabla ya kulifungua, lowesha. Mtoto wa kunyonya angelielewa hili, lakini mtoto wa kunyonya hajafanya kazi kiwandani.

Najua utasema wageni wengi siku hizi wanatumia nailoni hata kwenye ncha. Ni kweli, na kitabu changu hakiijui nailoni kabisa. Mwandishi wake angeitukana. Basi tuje kwenye nailoni, na ile Jumapili ya bwawani, maana haitanitoka moyoni hata nikizeeka.

Ilikuwa Jumapili baada ya ibada, kwenye lile bwawa la shamba la kahawa nje ya Ruiru, siku askari walipokuwa wameanza kuturuhusu kupita bila kuulizwa pasi kila hatua. Majini mlikuwa na ngege wengi, unawaona wakipeperusha mapezi karibu na majani. Nilikuwa nimekuandalia nailoni nyembamba, boya dogo la ubua, na ndoana ndogo. Ukaitazama kazi yangu kama mtu aliyepewa nguo za mdogo wake. Ukaikata nailoni, ukaweka mahali pake uzi mwingine wa mkebeni, mnene na wa kusokotwa, kwa sababu, ulisema, "Ngege naye ana nguvu zake."

Baba mdogo Mwaura alikuwa ametufuata ili apate kucheka. Mtu huyo ana kipaji kimoja tu, na ni kukaa. Alikaa juu ya jiwe na kofia yake ya kanisani, akamenya muwa.

"Kamau," akasema baada ya muda, "hao samaki umewapa chakula cha mchana. Cha jioni watakula nini?"

"Nyamaza, wanakuja."

"Wanakuja, ndiyo. Nawaona wanapiga foleni. Mama mmoja pale amekuja na watoto."

"Mwaura, wewe unajua nini kuhusu uvuvi?"

"Mimi? Mimi ni Mkikuyu, sijui lolote. Lakini naona boya lako halisimami. Limelala kama nyapara baada ya chakula."

Na boya lilikuwa limelala kweli. Uzi wako mnene ulikunywa maji, ukawa mzito, ukalivuta boya upande. Ngege hushika chambo kwa midomo, taratibu, kama mzee anayejaribu uji wa moto. Kwenye uzi mwembamba boya lingetetemeka ungemwona. Kwenye kamba yako angeweza kula, kufuta midomo, na kuondoka na shukrani. Ulirudi nyumbani bila hata gamba moja. Njiani ukamwambia Mwaura kwamba maji yalikuwa mabaya. Maji! Maji hayakuwa na kosa lolote, na Mwaura alilijua hilo, na ng'ombe waliokuwa wanakunywa walilijua.

Nilikudharau sana siku hiyo, na naona vema nikueleze siku niliyojidharau mwenyewe zaidi.

Ni ile siku nyingine, chini ya maporomoko kule Thika, penye mawe meusi. Nilikuwa nimeapa kukuonyesha. Nilichukua nailoni nyembamba kuliko zote mkebeni, kwa sababu Mwingereza wangu ameandika ukurasa mzima juu ya macho ya samaki na kwamba mvuvi muungwana hutumia uzi mwembamba. Nikasoma ukurasa huo kwa sauti, mimi nisiyeweza kusoma somo kanisani. Ukaketi kunisikiliza ukiwa umevua kofia. Kisha samaki mmoja wa rangi ya dhahabu mwenye magamba makubwa akachukua chambo, akainamisha kichwa, akaingia kati ya mawe mawili. Mshindo mmoja mdogo, basi. Uzi ukarudi mkononi mwangu ukielea hewani kama utando wa buibui.

Wewe hukucheka. Ulivaa kofia yako, ukasema, "Maitu, uzi wako ulikuwa na adabu mno."

Nilitaka kukitupa kitabu mtoni. Mwandishi wake alikuwa amenieleza juu ya macho ya samaki, na mimi sikuuliza juu ya mawe. Hajawahi kuyaona mawe ya Thika. Mto wake yeye unapita kwenye malisho ya kondoo. Nailoni ikisuguliwa kwenye jiwe kali hukwaruzika, na ikikwaruzika mahali pamoja ni kama imekwisha kukatika. Kwa samaki wa mawe unahitaji nailoni ya unene wa kati, na baada ya kila samaki unaipitisha katikati ya midomo au kucha kutafuta mikwaruzo; ukiupata mmoja unakata hapo, bila huruma. Haya hayamo kitabuni. Nimeyajua kwa aibu, na ninakupa bure.

Kuna samaki mmoja tu ambaye uzi wako mnene ulimfaa, nami sitakuficha, ingawa ningependa. Yule kambale wa kwenye tope, jioni, mtoni nyuma ya kiwanda. Maji yale ni mazito, kambale hana habari na macho. Anafuata harufu ya utumbo wa kuku na anameza. Pale ulihitaji uzi wa kusokotwa wenye nguvu ya kumng'oa chini ya mizizi, na ndio uliokuwa nao, kwa sababu ndio uliokuwa nao siku zote. Ulimburuta mpaka nyumbani na masharubu yake. Mama akasimama mlangoni na mwiko.

"Huyo haingii."

"Ni nyama tu, mama watoto."

"Ana ndevu. Sipiki kitu chenye ndevu. Na sufuria yangu usiitazame."

Tukamchoma nyuma ya nyumba, mimi na wewe, kwenye mabati, majirani wakipita na kuziba pua, wale wale ambao leo wanakupongeza kwa kazi yako mpya ya heshima. Alikuwa mtamu. Ulikula huku ukisema, "Si nilisema? Uzi ni uzi." Na hapo ndipo bahati yako mbaya ilipoanzia. Mtu aliyekosea siku zote hujifunza. Mtu aliyepatia mara moja hana dawa.

Limebaki jambo la fundo. Wageni wengine hawatatumia inzi, watatumia kile kijiko cha chuma kinachozunguka majini kama samaki mgonjwa. Hao watataka nailoni laini, na gurudumu lijazwe mpaka karibu na ukingo, ama sivyo haitoki vizuri ikitupwa. Na juu ya kijiko utaweka kile kichuma kidogo kinachojizungusha, kusudi uzi usijinyonge. Hayo umeyashika. Lakini fundo unafunga lile la gunia. Kwenye mkonge linakaza, kwa kuwa mkonge una nywele. Nailoni haina nywele. Fundo la gunia linateleza na kufunguka lenyewe, polepole, kama ahadi za Mwaura. Pitisha ncha kwenye tundu la ndoana, izungushe mara kadhaa kwenye uzi wenyewe, irudishe kwenye kitanzi cha kwanza, tema mate, ndipo ukaze. Nilipokuonyesha ulishtuka.

"Nitemee mate uzi wa Mzungu?"

Wanatema wenyewe, Kamau. Wanatema wote, na mabwana wakubwa ndio wanaotema zaidi. Fundo likikazwa kavu linaungua, na uzi unadhoofika pale pale ambapo samaki atavuta. Katika mambo yote ya kambi ile, hili ndilo litakalokurudisha nyumbani haraka zaidi: mgeni amekuja kutoka Nairobi, amemshika samaki wa maisha yake, na fundo la gunia limefunguka. Hatauliza ni nani aliyechagua uzi. Atauliza ni nani aliyefunga.

Umerudi. Nakusikia kwenye uchochoro unamuaga Njoki kwa mara ya nne. Nifupishe.

Ninachokiogopa si hariri wala nailoni. Hizo ni vitu, na vitu vinafundishika hata kwa mtu wa mkonge. Naogopa lile neno "Nazijua." Nakuona umesimama mbele ya hema, mgeni anakuuliza, "Kamau, leo tutumie uzi gani?" na wewe, badala ya kwenda kuyatazama maji kwanza kama ni mazito au meupe, kama pana mawe au tope, unajibu kabla hajamaliza kuuliza. Ungekuwa unamwogopa mtu mmoja duniani ningelala vizuri. Mama anasema ulimwogopa mmoja tu. Anasema bibi yangu, mama yako, alikuwa akikutazama ukijigamba, anangoja umalize, halafu anakuambia neno moja, "Hujui." Na wewe, mwanamume mzima uliyerudi kutoka vita vya Bama na medali, ulikuwa unakwenda nje kukata kuni. Alipozikwa, hakuna aliyebaki wa kukuambia neno hilo. Mama anakupenda mno. Mwaura anakucheka, na kucheka hakukuzuii. Nadhani ndiyo maana umekuwa ukiniita jina lake kila jioni mlangoni. Ulikuwa unamwita mtu akuambie.

Basi, mwanangu. Hujui.

Nenda ukakate kuni, halafu urudi usome sehemu iliyobaki.

Ndani ya mkebe nimezipanga nyuzi upya. Ule mnene wa kusokotwa nimeuweka chini kabisa, ili mkono wako usiufikie kwanza. Ni wa kambale, na huko juu hakuna kambale. Hariri iko katika kitambaa, imepakwa mafuta. Nailoni ziko kwa unene, nyembamba juu. Barua hii nimeikunja na kuifunga kwa uzi wa kiwavi, wa mwisho uliobaki baada ya kiuno chako. Niliulowesha nikaufunga, kisha nikaacha ukauke, ukakaza kama mdomo wa Mwaura akiombwa msaada. Hakuna namna ya kuufungua ukiwa mkavu. Unaweza tu kuukata.

Sasa tazama mkononi mwako. Kama una vipande viwili, usimwambie mtu. Rudi mwanzo usome tena, polepole, na kesho muombe Bwana mwenye kambi akuonyeshe kila kitu kama mtu asiyejua lolote. Huenda bado tukapona. Lakini kama ulisimama, ukaenda kutafuta maji, ukautia ndani ukangoja, ingawa ulitaka sana kujua nimeandika nini, basi una uzi mzima. Uzungushe, uuweke kwenye barua yako ya kwanza, uniletee. Sihitaji jibu lingine lolote. Nitaufungua mkunjo jikoni kwa Mwaura, mbele yake, na nikiuona ni mmoja nitachukua vitabu vyangu niende shule.

Kuni ukirudi utazikata vizuri zaidi. Kwaheri ya kuonana,

Nyambura, mama yako,
na binti yako pia ukishamaliza mwezi.